Stempu ya Daraja la Pili

Kwa Muriel, Worthing
Jumanne, 9 Januari 1973

Dot mwenzangu,

Nyonga mpya inaendelea vizuri, kwa maneno ya daktari. Kwa maneno yangu mimi, nimefungiwa bawaba ya lango mwilini na bado haijatiwa mafuta. Natoka kitandani nafika dirishani, natoka dirishani narudi kitandani, na dada yangu Muriel ananipigia makofi kama mtoto aliyejifunza kusimama juzi. Huko nje kuna bahari ya kijivu na barabara iliyonyooka. Hakuna ukuta wa mawe, hakuna kondoo, hakuna mlima wa kukutoa jasho. Watu wa huku wanavaa viatu vya kanisani, wanakwenda mpaka kwenye benchi na kurudi, halafu wanasema wametembea.

Jumapili zako je? Nilikuambia hospitalini usinisubiri, nenda utembee, na nilisema kwa roho safi. Lakini theluji ikianguka kaa nyumbani, maana wewe ramani huijui. Miaka ishirini na miwili umekuwa ukitazama visigino vyangu na kupiga domo. Mimi mbele, wewe nyuma, "kanyaga ninapokanyaga", na kila mara tukarudi na miguu yetu minne. Ukienda peke yako utatokea Scotland.

Usinipigie simu. Iko ukumbini na Muriel ana masikio ya sungura. Andika, na uweke stempu ya daraja la pili. Nimekaa dirishani mwa posta ya Aikbeck miaka thelathini, nakuambia tena kile nilichomwambia kila mtu: daraja la kwanza, lile ghali linalofika kesho yake, ni la watu wasiojipanga.

Wako,
Enid

*

Aikbeck, Yorkshire
Jumatatu, 15 Januari

Enid mpenzi,

Nimefurahi kusikia unagombana na Muriel, maana yake umepona.

Jana nimetembea! Na sikuwa peke yangu, kwa hiyo usianze kunisomea hotuba. Kuna mama mmoja amehamia ile nyumba ya karibu na kanisa, Bi Lumb, Peggy, mjane kutoka Bradford. Ana kigari chekundu na kofia ya kijani ambayo kondoo wanaikimbia. Tulikwenda mpaka Hagg na kurudi. Baridi ilikuwa kali, jua limetoka, kila jani limepakwa barafu. Peggy haendi kasi, ana fimbo yake, basi tulikaa mara nne. Alikuja na supu ya njegere katika chupa, na vikombe viwili.

Unajua kwamba njia ya Hagg ina ngazi kumi na moja za kuvukia kuta? Kumi na moja! Tulizihesabu. Miaka yote hiyo nazipanda nyuma yako na sikuwahi kujua ni nyingi hivyo.

Naandika kwa haraka, Peggy ananisubiri nje.

Dot

*

Worthing
Alhamisi, 18 Januari

Dot,

Nimefurahi sana kwamba umepata mtu. Nimefurahi kweli.

Mmekaa mara nne kwenda Hagg? Mimi na wewe tulikuwa tukikaa mara moja, kwenye ule ukuta uliobomoka, tunakula keki ya matunda na kipande cha jibini, chai yangu, vikombe vyangu viwili, kisha safari. Mara nne si matembezi, ni kuhamahama. Na kuhesabu ngazi! Huyo Bi Lumb wako alikuwa karani wa ghala huko Bradford? Mtu mzima anakwenda porini siku yenye jua la Januari, badala ya kutazama mlima anahesabu ngazi.

Supu ya njegere sikujua kama unaipenda. Nilipokupikia mwaka ule wa mafuriko ulisema inakujaza tumbo.

Haya, sitaki kuonekana nina kijicho. Muriel ameniuliza barua inasema nini hata nimeikunja hivyo, nikamwambia inasema hali ya hewa.

Mnatembea tena lini? Nauliza tu.

Enid

*

Aikbeck
Jumatatu, 29 Januari

Enid mpenzi,

Tumetembea tena Jumapili mbili, na Jumatano tukaiba siku nzima. Peggy alinichukua kwa kigari mpaka kule bondeni tukashuka kando ya mto, theluji imeshika juu ya kuta tu kama mtu amezipaka sukari. Tulikula ndani ya gari vioo vikiwa na ukungu, tukacheka mpaka mkulima mmoja akaja kugonga dirisha akidhani tumekwama. Peggy ana daftari, anaandika kila kitu: lango hili linafunguka kwa mkono mmoja, hapa pana jiwe la kukalia. Anapoandika hutoa ulimi pembeni kama watoto niliokuwa nikiwafundisha darasa la kwanza.

Sasa nakuomba jambo, na usiniulize kwa nini. Nitumie ramani yako. Ile yako yenye alama za penseli, si nyingine. Tunataka kupita chini, kando ya mto mpaka lile ghala la zamani na kuzunguka nyuma ya Hagg. Tunakwenda Jumapili ya tarehe 11 Februari. Peggy ana ramani mpya lakini haina kitu ndani yake isipokuwa majina.

Ninakukumbuka. Unafanya mazoezi ya mguu?

Dot

*

Worthing
Ijumaa, 2 Februari

Dot,

Ramani hii hapa. Kwa nini nikatae? Ni karatasi tu.

Nimeitandaza kitandani asubuhi nzima kabla ya kuifunga. Kila alama najua niliiandika siku gani. Hapa ndipo ulipotumbukiza sandwichi zetu mtoni. Hapa ndipo ulipolia baada ya kumzika mama yako, ukaniambia usimwambie mtu, na sijamwambia. Sasa Bi Lumb atapitisha kidole chake juu yake na kutoa ulimi.

Mazoezi nafanya. Daktari anasema baada ya Pasaka naweza kwenda nje, njia fupi, tambarare, bila kupanda. Nikamwambia njia kama hiyo Aikbeck haipo, na sitaki kutafutiwa njia ya wagonjwa kama mbuzi aliyevunjika mguu. Siku nitakaposikia mtu ananitafutia, nitavichoma viatu vyangu vya mlimani hapa hapa Worthing. Nilikuambia hospitalini, na sijabadilika.

Tembeeni salama. Mna ramani, mna daftari, mna supu. Mimi ni wa kazi gani tena?

Enid Thwaite

*

Worthing
Alhamisi, 8 Februari

Dot mpenzi,

Nimekumbuka kitu kidogo. Mkifika chini ya ghala la zamani mtaona uwanja mzuri wa kijani, na kama kuna baridi utakuwa mweupe na mgumu juu. Msipite katikati. Ni kinamasi. Hata kikiganda hakiaminiki. Shikeni ukuta, upande wa juu, mpaka lango la mashariki. Sijui kama nililiandika hilo kwenye ramani. Huenda sikuliandika.

Hapa mvua tu. Muriel anakwenda posta sasa hivi na kofia ameshavaa, kwa hiyo naishia hapa.

Shikeni ukuta, Dot.

Enid

*

Aikbeck
Jumatatu, 12 Februari

Enid,

Barua yako ya Alhamisi imefika leo asubuhi. Ina stempu ya daraja la pili.

Jana tulifika chini ya ghala saa sita. Theluji nyembamba, ardhi ngumu. Nikamwambia Peggy, "Enid hapa huwa anashika ukuta, sijui kwa nini." Peggy akatoa ramani yako, akaitazama, akasema, "Ramani haisemi kitu." Akakata katikati. Hatua saba au nane, kisha mguu wa kushoto ukazama mpaka kwenye paja. Alijivuta kwa nguvu ili autoe, na nikasikia nyonga ikilia kutoka pale niliposimama. Enid, sijawahi kusikia mtu mzima akipiga kelele namna ile. Mkulima na mwanawe waling'oa lango, wakamlaza juu yake, wakambeba mpaka barabarani. Nilikuwa nimemshika mkono na kofia yake ya kijani iko mfukoni mwangu, imejaa tope.

Nyonga imechomoka. Ndiyo, Enid, nyonga. Peggy amefanyiwa operesheni kama yako miaka miwili iliyopita, na ndiyo sababu nilimfuata kanisani siku ya kwanza na kujitambulisha. Nilimwona anavyoshuka ngazi, nikamwambia nina rafiki yangu mkaidi anayeipenda milima kuliko anavyowapenda watu, nisaidie kumtafutia njia ambayo ataweza kuipita na haitafanana na njia ya wagonjwa. Tukae pale atakapochoka. Tuhesabu ngazi atakazoshindwa kupanda. Ungekuja Pasaka ningekupitisha kana kwamba ni bahati tu, wala usingejua.

Daftari ninalo hapa. Ukurasa wa mwisho umeandikwa "Njia ya Enid": maili tatu na nusu, malango saba, ngazi hakuna, mawe ya kukalia manne, mlima unaonekana njia nzima. Kilikuwa kimebaki kipande cha ghala tu.

Usiku sikulala. Asubuhi, baada ya barua yako, nikaipeleka ramani dirishani. Penseli ikifutwa huacha mfereji kwenye karatasi, wewe mtu wa posta unajua. Nimeyasoma maneno yako yote. "Kinamasi. Usikiamini hata kikiganda. Fuata ukuta."

Uliyaandika na ukayafuta. Kisha ukaniandikia "huenda sikuliandika".

Kwangu usiandike tena mpaka nikuandikie mimi.

D. Haygarth

*

Worthing
Ijumaa, 16 Februari

Bi Lumb,

Hatufahamiani. Mimi ni Enid Thwaite, mwenye ramani.

Bi Haygarth amenikataza kumwandikia, na ana haki. Kwako hakunikataza, basi naandika kwako, nawe ukitaka uitupe. Nililifuta lile neno mimi, tarehe mbili Februari, kwa raba ya Muriel ya kuandikia hesabu za nyumba. Sikutaka uumie. Nataka kusema hivyo na ni kweli, lakini si kweli yote. Nilitaka mpotee kidogo. Nilitaka urudi na viatu vimejaa maji na Dot aseme, "Angekuwepo Enid." Nilitaka sana kulisikia hilo. Miguu yako sikuifikiria. Nilikufikiria wewe kama kofia tu na chupa ya supu.

Siku sita nililala na jambo hilo. Siku ya saba roho ikanisuta nikaandika ile barua, na hata hapo nikadanganya. Ningeweza kupiga telegramu, lakini Muriel angeuliza ni ya nini. Nikampa barua aipeleke posta, akaniuliza stempu gani, na mdomo wangu ukasema daraja la pili kabla sijafikiri. Miaka mitano nimewaambia watu neno hilo tangu waanzishe hayo madaraja mawili. Mzee mmoja alikuwa akituma barua kwa bintiye anayekaribia kujifungua, nikamtania mpaka akabadilisha. Tofauti ni nusu peni, Bi Lumb. Nimekutia mguu kwenye kinamasi na nimeokoa nusu peni.

Siombi unisamehe. Nimetaka tu ulijue jambo lenyewe kutoka kwa aliyelifanya. Bahasha hii ina stempu ya daraja la kwanza, na nimeipeleka mwenyewe kwa magongo yangu mawili. Dakika arobaini kwenda na kurudi.

Enid Thwaite

*

Hospitalini, wadi ya wanawake
Jumanne, 27 Februari

Bi Thwaite,

Barua yako niliisoma siku ileile. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kwanza hasira iishe, na nilipoitafuta ilipo nikakuta imekaa na kitu kingine.

Ngoja nikuambie kilichotokea kwenye kinamasi, maana Dot hakijui.

Wiki nne nilitembea na Dot na sikuwahi kutembea naye. Nilitembea na ninyi wawili. Tukifika langoni, "Enid angelifungua kwa goti." Tukikaa, "Enid angesema tumekaa mno." Nikimimina supu, anaitazama, anasema Enid huleta chai na keki, na jibini juu yake, unajua? Najua, bibi wee, umeniambia mara tisa. Daftari langu mwenyewe nimeliandika jina lako. Mimi mume wangu amekufa, nimehamia kijiji nisichojua mtu, nimempata mwanamke mmoja wa kucheka naye ndani ya gari, na kumbe amenikodi kumpimia mwingine viatu.

Siku ile aliposema, "Enid hapa huwa anashika ukuta," nilikuwa nimefika hapa shingoni. Nilitazama ramani yako nikaona peupe. Sikuhitaji zaidi ya hapo. Lakini nikuambie ukweli: mwanamke aliyetembea na nyonga ya chuma miaka miwili anaijua nyasi ya kinamasi hata ikiwa chini ya barafu. Niliiona rangi. Nikapita katikati makusudi, kwa kuwa wewe ungefuata ukuta.

Kwa hiyo wewe ulifuta neno, na mimi nilifuta akili. Nakusamehe nusu. Nusu nyingine nimebaki nayo mwenyewe, naihitaji.

Wameninyoosha mguu kwa kamba na uzito kama kondoo aliyening'inizwa buchani, wiki sita. Dot huja Jumatano na Jumamosi. Nimemwambia haya yote Jumamosi. Aliniuliza tu kama anaweza kubaki na daftari.

Ramani yako imo ndani ya bahasha hii. Andika tena lile neno. Kwa wino.

Peggy Lumb

*

Aikbeck
Jumatatu ya Pasaka, 23 Aprili

Peggy,

Nimerudi nyumbani Alhamisi. Daraja la kwanza hii pia, usijali, naanza kuzoea.

Dot aliniandikia mstari mmoja tu mwezi Machi: "Jumatatu ya Pasaka, saa nne, lango la kanisa." Hakuweka jina. Nikaja saa tatu na nusu nikasimama na fimbo yangu. Alikuja na chupa yake mwenyewe ya chai. Miaka ishirini na miwili hajawahi kubeba chupa. Nilipoiona nilitamani kurudi Worthing.

Hakusema habari za asubuhi. Alisema, "Leo mimi mbele. Kanyaga ninapokanyaga." Nikakanyaga. Nimetazama visigino vyake maili tatu na nusu, Peggy, na sasa najua kwa nini alikuwa hanyamazi: huko nyuma hakuna kitu kingine cha kufanya.

Malango saba, sawasawa na ulivyoandika. La nne linafunguka kwa mkono mmoja kweli. Kwenye jiwe lako la tatu nilimimina chai yangu vikombe viwili, kimoja nikakiweka ukutani upande wake, na keki, na jibini. Alikunywa yake kwanza mpaka ikaisha, anatazama mlima. Kile changu kikapoa kabisa, hakuna hata moshi. Kisha akakichukua, akakinywa hivyohivyo kimepoa, akaniambia ni kibaya. Nikamwambia najua. Basi tukala keki.

Tulipofika chini ya ghala alisimama. Neno nimeliandika kwa wino, kubwa, lakini hakuna aliyefungua ramani. Tuliushika ukuta. Katikati ya kinamasi bado kuna shimo la mguu wako, limejaa maji, na nyasi zimeanza kuota pembeni. Dot alinishika mkono wa koti mpaka tukapita lango la mashariki, halafu akaniachia.

Ni njia nzuri. Si ya wagonjwa. Mlima unaonekana mwanzo mpaka mwisho, kama ulivyosema, na viatu vyangu sikuvichoma.

Ila kuna jambo moja lazima nikuambie, kwa kuwa tumeambiana ukweli. Ulimi ulipomlegea Dot baada ya ile keki, haukufunga tena. Peggy angependa jua hili. Peggy angecheka kumwona kondoo yule. Peggy husema lango likipiga kelele linakusalimu. Supu ya Peggy, hiyo sasa ndiyo supu. Kutoka kwenye jiwe la tatu mpaka kanisani amekutaja mara kumi na nne. Nilizihesabu, maana ngazi hakuna.

Roho inaniuma, sikufichi. Pona haraka, uje umsikilize mwenyewe.

Enid